Donge la Uzi Juu ya Ubao

Mama mkwe wangu, ninayemwita Make, yaani mama, ndiye aliyenivua nguo nyeusi. Ilikuwa asubuhi ya safari, jikoni, mlango umefungwa. Alizikunja mara nne, gauni, mtandio na kilemba, akaziweka chini kabisa ya begi langu, chini ya sweta na mche wa sabuni.

"Huko watakukalisha ubao mmoja na watu," akasema. "Nani atakubali kukaa ubao mmoja na nguo hizi? Nenda na za kawaida. Lakini miiko ni ileile, Tengetile. Usimpe mtu mkono. Usikae katikati ya watu. Kitu usimkabidhi mtu mkononi, weka chini aokote mwenyewe. Jua likizama uwe ndani."

"Ndiyo, Make."

"Miaka miwili. Haipunguzwi hata siku moja."

"Ndiyo, Make."

Mume wangu Vusi alikuwa na miezi mitatu kaburini. Aliendesha trekta kwenye mashamba ya miwa. Trekta lilipinduka kwenye mfereji, Novemba, siku ya Jumanne. Watu waliniuliza nilijisikiaje nilipopata habari. Ninachokumbuka ni soksi zake mbili kwenye kamba, na kwamba nilizianua kwa sababu mawingu yalikuwa yanakuja. Nilizikunja pamoja. Mpaka leo nikijaribu kuikumbuka siku ile naziona soksi.

Nafasi ya chuo cha ufumaji kule Lesotho tuliiomba akiwa hai. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo fomu aliijaza yeye, kwa herufi kubwa tupu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Jibu lilikuja Januari. Mwanamke akikubaliwa anajaribiwa miezi mitatu. Akifaa anabaki na kufundishwa mwaka mzima, kisha anapewa kazi. Asipofaa anarudi kwao. Kwangu kurudi kulikuwa ni kukaa nyuma ya mlango wa jikoni kwa Make mpaka miaka miwili iishe, na baada ya hapo hakuna aliyejua ningefanywa nini. Make hakulisema hilo, ila alinipakia begi yeye mwenyewe, na alikaza zipu kwa goti.

Chuo ni jengo refu la mawe, nje kidogo ya Teyateyaneng. Nilifika mchana, katikati ya Februari. Nilipangiwa chumba na msichana anayeitwa Limpho, mwembamba, mwenye mdomo usiofunga hata usingizini, maana alikoroma. Alikuwa ametangulia mwaka mmoja. Alinyoosha mkono kunisalimu. Nikakunja mikono ndani ya kanga niliyojifunga, nikainama kidogo.

Alibaki na mkono wake hewani. Aliutazama, akaupangusa kwenye sketi.

"Kwenu hamsalimiani?"

"Tunasalimiana."

"Basi salimia, ausi," akasema, yaani dada.

"Nimesalimia."

Akacheka, akajirusha kitandani. "Haya. Tumeletewa bintimfalme."

Jina hilo lilinishika. Kesho yake asubuhi lilikuwa limefika chumba cha kazi kabla yangu.

Kila asubuhi pale wanawake husimama duara, huimba wimbo mmoja wa kanisani, kisha kila mtu humpa mkono kila mtu, kuanzia mwalimu hadi anayefagia. Hakuna anayerukwa. Hata waliogombana jana wanapeana mikono leo, wakiangaliana au wasiangaliane. Mimi nilisimama karibu na mlango na mikono ndani ya aproni. Mwalimu, Mme Makhauhelo, kwao mme ni mama, alipofika mbele yangu alisubiri kidogo, kisha akapita. Wa pili hakusubiri.

"Mgeni ameshika mayai humo ndani?" akauliza mwanamke mmoja mnene, aliyevaa blanketi lake limebanwa begani kwa pini kubwa. "Tusije tukayapasua."

Wakacheka. Huyo alikuwa Mme Mapuleng. Alikuwa amefuma pale miaka kumi na moja, na hakuna uzi uliopita chumba kile asiujue.

Mchana tulikula papa, ule ugali mweupe mgumu, na mboga za majani zilizokatwakatwa, watu watanowatano kwenye bakuli moja. Mimi nilichota changu kwenye kifuniko cha sufuria nikaenda kukaa kwenye ngazi ya mlango.

"Anakula na kuku," alisema Limpho.

"Kuku wana bahati," akasema Mme Mapuleng. "Sisi hatujafikia cheo hicho."

Niliwasikia vizuri. Lugha yao na yetu si mbali sana, ukisikiliza wiki mbili unashika, na mimi kazi yangu kubwa ilikuwa kusikiliza. Maneno yalinipita kama upepo unavyopita kwenye waya. Nilijua kwamba yalikuwa maneno makali. Nilingoja yaume, hayakuuma. Nilikula nikasafisha kifuniko kwa mchanga.

Kazi ndiyo iliyokwenda vizuri. Kuchambua manyoya ya mbuzi, kuyaosha, kuyachana, kuyasokota kwenye gurudumu mpaka uzi utoke sawa. Mikono yangu ilifanya, mimi nikaitazama. Mme Makhauhelo alikuwa mtu wa maneno machache. Alichukua uzi wangu akauvuta kwenye mwanga, akasema "Hm," akaurudisha. Limpho aliniambia kwamba "Hm" ile watu wengine huisubiri nusu mwaka.

Mwanzoni mwa Mei ilikuja kazi ya zulia kubwa la ukutani, la kupeleka kwenye hoteli. Mchoro ulikuwa wa kijiji: wanawake wamebeba matita ya nyasi, nyumba mbili, mlima. Zulia kama hilo hufumwa na watu wanne waliokaa ubao mmoja, bega kwa bega, mbele ya nyuzi za mtande zilizokazwa kutoka juu hadi chini. Mgeni hukalishwa katikati, ili asaidiwe pande zote mbili.

"Mme," nikamwambia mwalimu, "naomba nikae mwisho."

"Mwisho wanakaa wanaojua kunyoosha ukingo. Wewe unajua?"

"Hapana, Mme."

"Basi kaa katikati."

Nikakaa. Kulia kwangu Mme Mapuleng, kushoto Limpho. Mwiko mmoja ulikuwa umevunjika hapohapo, na nilipokuwa nakaa nilisikia sauti ya Make ikisema hata siku moja. Nikaamua miiko niliyobaki nayo niishike mara mbili.

Sasa, kufuma ubao mmoja kuna jambo lake. Kila mtu ana kipande chake na rangi zake. Lakini mpaka wa kipande changu na cha mwenzangu hauwezi kuachwa hivihivi. Kila msitari nikifika mpakani, nampa mwenzangu donge langu la uzi mkononi, analizungusha kwenye uzi wake, ananirudishia, kisha kila mmoja anarudi upande wake. Mkono kwa mkono, siku nzima, mara mia na zaidi. Ndipo kitambaa kinashikana.

Mimi nililiweka donge juu ya ubao, kati yetu.

Limpho hakujali. Aliliokota, akazungusha, akalitupa juu ya paja langu huku anasimulia habari za mchumba wake wa Maseru. Mme Mapuleng alilitazama donge. Kisha akanitazama mimi.

"Nini hicho?"

"Uzi, Mme."

"Najua ni uzi. Umeuweka wapi?"

Nililitazama donge.

"Mimi ni mbwa, unaniwekea chini?"

"Hapana, Mme."

"Nipe mkononi."

Mikono yangu ilikuwa juu ya mapaja. Nilisema iende, haikwenda. Nilikaa hivyo mpaka akageuza uso.

"Sawa," akasema. "Mapuleng haokoti kitu ubaoni."

Tangu siku hiyo yeye alifika mpakani akarudi, na mimi nilifika mpakani nikarudi. Donge langu nililiweka kila mara juu ya ubao, likakaa, nikalichukua tena. Siku tisa. Kwa bahati mbaya mpaka wetu ulipita kwenye ukuta wa nyumba, msitari ulionyooka kutoka chini kwenda juu, na ukuta kama huo usiposhikanishwa unaacha mwanya. Nilijua. Naye alijua kuliko mimi. Tulifuma tukiwa upande wa nyuma, ambako ncha za nyuzi zinaning'inia kama ndevu na kuficha kila kitu.

Siku ya kumi, Jumatano, Mme Makhauhelo alizunguka upande wa mbele akiwa na kikombe chake cha chai. Akasimama. Dirisha lilikuwa nyuma yetu, mwanga ukimpenyea kupitia zulia.

"Nyumba yenu ina mlango ambao sikuuchora," akasema.

Aliingiza vidole vyake kwenye mwanya, tukaviona vinatokea upande wetu. Kisha akaingiza mkono mzima. Mwanya ulikuwa na urefu wa kutoka ngumi hadi kiwiko.

"Nani alimnyima mwenzake uzi?"

"Mimi siokoti kitu kilichotupwa," alisema Mme Mapuleng.

"Tengetile?"

"Niliuweka ubaoni, Mme."

"Kwa nini?"

Jibu lilikuwepo, lilikuwa fupi, mume wangu amekufa, watu wanalisema kila siku duniani. Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Mwalimu alikunywa chai yake. "Miezi mitatu yako inaisha wiki hii. Uzi wako ni mzuri. Lakini mtu ambaye hawezi kumpa mwenzake uzi hawezi kukaa ubaoni, na hapa kazi ni ubao. Ijumaa asubuhi nitataka jibu. Usipokuwa nalo, Ijumaa mchana upande basi." Akamgeukia Mme Mapuleng. "Na wewe usitabasamu. Miaka kumi na moja, unaacha shimo la kupita paka."

Alhamisi baridi ilishuka. Mwezi wa tano pale baridi haipigi hodi. Baada ya chakula cha mchana nilirudi chumbani kuchukua sweta, nikamkuta Limpho amepiga magoti mbele ya begi langu, limefunguliwa.

"Usikasirike," akasema haraka. "Nilikuwa nakutafutia soksi. Nilitaka kukuazima zangu, nikaona kwanza nitazame kama unazo. Sawa, nilitaka kuazima zako."

Magotini kwake kulikuwa na gauni jeusi.

"Hili la nani?"

"Langu."

Alilishika kwa ncha za vidole, kama linaweza kuamka. "Nani?"

"Mume."

"Lini?"

"Novemba."

Nilimwona anahesabu, Novemba, Desemba, mpaka kwenye siku niliyofika. Halafu nikamwona anarudi nyuma na kuzipitia zote: mkono, ngazi ya mlangoni, kuku, donge la uzi. Uso wake ulibadilika kidogokidogo.

"Na mimi nilikuwa nakuita bintimfalme."

"Si neno."

"Ni neno, wewe! Kwa nini hukusema?"

"Make alisema hakuna atakayekaa na mimi."

"Na sasa nani anakaa na wewe? Unakula na kuku!" Alilikunja gauni vibaya, akalikunjua, akalikunja tena. "Waambie kesho."

"Sitaweza."

"Ni maneno matatu tu, ausi."

"Najua ni matatu."

Alitaka kunishika bega. Akakumbuka, akashusha mkono, akakaa juu ya kitanda chake na kunitazama tu. Soksi zangu hakuzichukua.

Usiku ule nililala vizuri, nasema kweli. Asubuhi nikaoga kwa maji baridi. Nikalitoa gauni, nikalivaa, nikajifunga mtandio, nikajifunga kilemba. Vilinuka sabuni ya mche. Havikuwa vizito wala vyepesi. Limpho aliacha kupiga mswaki akanitazama na povu mdomoni, kisha akafungua mlango na kutangulia. Njia nzima hakusema kitu, na hiyo ndiyo mara ya pekee nimemjua Limpho akinyamaza njia nzima.

Walikuwa katikati ya wimbo. Nilisimama pale pale ninaposimama, karibu na mlango. Wimbo ulikatika upande ulio karibu na mimi, ukaendelea kidogo upande wa mbali, ukakatika huko pia. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameweka kikombe kwenye rafu nyuma yangu alikuja kukichukua kwa kuzunguka, akaenda kukiweka dirishani.

Mme Makhauhelo alinitazama kutoka kilemba hadi viatu. "Hilo ndilo jibu?"

"Ndiyo, Mme."

"Mume?"

"Ndiyo, Mme. Novemba."

"Na nguo alikuvua nani?"

"Mama mkwe. Ili nikubaliwe."

Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Kisha Mme Mapuleng akatoka kwenye duara, akaja mpaka hatua tatu kutoka kwangu, akasimama. Alikuwa amekasirika sana.

"Wangu alirudi kutoka migodini na kifua kibovu, nikamzika," akasema. "Nilibandikwa kitambaa cheusi hapa." Akajigonga chini ya pini ya blanketi. "Miezi sita. Nilipita sokoni na kitambaa changu, hakuna aliyeniuliza kwa nini sicheki. Kitambaa kilikuwa kinanisemea. Wewe umekivua, tukabaki kuisoma mikono yako, na mikono yako ilikuwa inatutukana kila asubuhi!"

"Samahani, Mme."

"Samahani ya nini? Nani amekwambia uombe samahani? Siku tisa nakaa na mjane ubao mmoja, bega limegusana na bega, nanuna kama mtoto!" Akamgeukia Limpho. "Na wewe unalala naye chumba kimoja, macho yako ya nini?"

"Jana nimejua, Mme."

"Jana! Mwaka ujao utajua ulizaliwa."

Mtu mmoja alicheka, akajikohoza.

Mme Makhauhelo aliweka kikombe chake chini. "Sikia, Tengetile. Basi la kurudi kwenu hupandi." "Lakini ubaoni pia huketi. Si kwa ubaya. Ubao hauwezi kwenda bila mkono kwa mkono, na mimi siwezi kukwambia uvunje ya kwenu. Miezi mingapi imebaki?"

"Kumi na minane."

"Utasokota. Gurudumu la dirishani, mtu anakaa peke yake. Siku utakayovua kwa haki, unarudi ubaoni, unaanza upya na wageni wa mwaka huo. Kazi ya kudumu utaipata wakati huo, si kabla. Unakubali?"

Nilifikiri nitajisikia nimepona, au nimeadhibiwa. Nilitazama gurudumu la dirishani. Lilikuwa gurudumu.

"Nakubali, Mme."

"Vizuri. Kwanza huo mwanya. Mliufungua wawili, mtaufunga wawili."

Mwanya hushonwa kwa sindano ndefu, mmoja akiwa mbele ya zulia na mwingine nyuma. Wa mbele anachoma sindano ipite, wa nyuma anaipokea, anarudisha. Mme Mapuleng alienda mbele. Mimi nilibaki nyuma, kwenye ndevu za nyuzi. Nilimsikia akihema tu.

Ncha ya sindano ilitokea. Nilingoja. Ilisukumwa mpaka karibu yote ikawa upande wangu, kisha ikatulia, na nikaona kupitia mwanya kwamba vidole vyake vimeondoka kabisa, mkono umeshuka. Ndipo nikaivuta. Nikaichoma kurudi, nikaiachia, nikashusha mkono. Akaivuta. Hivyo, juu zaidi kidogo, hivyo tena. Haikuwa haraka. Wengine walirudi kwenye kazi zao, machanuo yakaanza kugonga nyuzi, Limpho akaanza upya habari za mchumba wa Maseru.

Kwenye nusu ya ukuta Mme Mapuleng akauliza kutoka upande ule, "Aliitwa nani?"

"Vusi."

"Vusi," akasema, akachoma sindano.

Kengele ya chai ilipolia tulikuwa tumefika juu. Alikata uzi kwa meno, akazunguka zulia akaja upande wangu, akalichunguza shono kwa macho yaliyobanwa. Msitari ulionekana. Unaonekana mpaka leo kwa mtu anayejua pa kutazama.

"Hapo dirishani kuna baridi," akasema. "Kesho uje na sweta, ulivae chini ya hilo gauni. Na usisokote mwembamba kama ulivyozoea, mwembamba unakatika. Mimi napenda unene huu."

Akatoa kwenye mfuko wa aproni donge lake la uzi wa kahawia, ule wa ukuta. Akaliweka juu ya ubao, katikati yetu. Akaondoa mkono wake, akautia chini ya blanketi, akasubiri.

Nililiokota.